Barua ya wazi: Mwongozo wa kuasili na wa safari za watoto ufike kijijini kabla ya dole gumba

Kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum
Kwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki
Kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji
Kwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi

Waheshimiwa,

Tunaoandika barua hii ni wasaidizi wa kisheria pamoja na maofisa ustawi wa jamii waliokwisha kustaafu, wa mikoa ya Mtwara na Lindi. Kazi yetu ni karatasi za watoto: vyeti, viapo, barua za watendaji, majalada ya mahakamani. Tunakuja kwenu na jambo moja. Mwongozo wa Serikali kuhusu kuasili watoto wanaopelekwa nje ya nchi, na kuhusu usalama wa Mtanzania anayevuka mpaka, ufike kwenye ofisi ya kijiji, uwe kwa Kiswahili, na usomwe kwa sauti kabla mzazi hajaweka dole gumba. Dole likishawekwa, ofisi zote zinazofuata huwa zinakimbiza mtoto aliyekwisha kuondoka.

Tuanze na karatasi yenyewe, maana ndiyo mlango. Ni nusu ukurasa, imechapwa stesheneri ya sokoni au imeandikwa kwa kalamu. Inaanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Inaendelea kwamba mtajwa ni mkazi wa kijiji hiki, anafahamika, na ameruhusiwa na familia kusafiri na mtoto fulani kwa ajili ya "malezi na masomo". Chini kuna sahihi ya mtendaji, muhuri wa duara, na dole gumba la mama au la mjomba. Basi. Haisemi mtoto anakwenda nchi gani. Haisemi atarudi lini. Namba ya kitambulisho cha anayemchukua haimo, wala simu ya mtu mwingine yeyote atakayeulizwa mambo yakiharibika. Baba hatajwi, na asipotajwa hakuna anayeuliza kama yu hai.

Barua hii hutolewa kwa nia njema. Mtendaji huyohuyo ndiye aliyeandika asubuhi hiyo barua ya kufungua akaunti na barua ya kumdhamini mtu polisi. Kwake hii ni ya tatu tu. Ubaya wake ni jinsi inavyopanda ngazi. Kwa barua hiyo, mtu anaapa kwa kamishna wa viapo kwamba yeye ni mlezi. Kwa kiapo hicho anaomba cheti, kwa cheti anaomba pasipoti. Kila dirisha linaitazama karatasi ya dirisha lililotangulia, hakuna linalorudi kumtazama mama. Kosa la kijijini likishapigwa muhuri huhesabiwa wilayani kuwa ni ukweli.

Na kisheria barua hiyo haina nguvu hata kidogo ya kumtoa mtoto. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu. Haitolewi na mtendaji, wala mwenyekiti wa kitongoji, wala mkuu wa makao ya watoto, wala sheikh, wala padri. Kwa mikoa yetu ni Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara. Sentensi hii moja, ikibandikwa ukutani kwa herufi kubwa kwenye kila ofisi ya kata, ingezuia mengi.

Pili, waheshimiwa, maneno. Serikali inasema "malezi ya kambo" na "kuasili". Wataalamu tunaelewana. Kijijini neno kambo lina sifa mbaya: mama wa kambo, baba wa kambo, mtoto anayenyimwa mboga. Ukimwambia mtu mtoto wake atapelekwa malezi ya kambo, anasikia adhabu, wakati ni mpango wa muda ambao mtoto hulelewa na familia nyingine chini ya uangalizi wa ofisa ustawi, na ukoo wake unabaki palepale. Kuasili nako wengi hulisikia kinyume. Neno lina "asili" ndani yake, na wapo wanaodhani maana yake ni kwamba mtoto ataitunza asili yake. Sheria inasema jambo jingine kabisa: amri ya kuasili ikitoka, haki na wajibu wa mzazi aliyemzaa vinakoma, na mtoto anahesabiwa kuwa amezaliwa na aliyemwasili.

Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, kumpeleka mtoto akalelewe kwa bibi, kwa mama mkubwa au kwa mjomba ni jambo la kawaida tangu enzi. Mtoto anaondoka, anarudi likizo, anarudi kuchezwa unyago au kuingia jando, anarudi kuzika. Anayesema "nipe nimlee" anaeleweka hivyo. Kwa hiyo mgeni au dalali wake anapotumia neno lilelile "kulea" huku mfukoni ana fomu ya kuasili, hakuna aliyedanganywa kwa maneno makali. Amedanganywa kwa neno la nyumbani. Hapo ndipo mwongozo unapaswa kusimama na kusema wazi: kulea hurudisha mtoto, kuasili hakumrudishi.

Kuna na suala la mjomba. Katika koo zinazofuata upande wa mama, mjomba ana kauli juu ya mtoto, na mara nyingi ndiye anayeitwa kuweka sahihi. Tunaiheshimu nafasi yake, na tunataka aitwe na asikilizwe. Lakini ridhaa ambayo Mahakama inaidai kwanza ni ya mzazi. Sahihi ya mjomba haizibi nafasi ya baba aliye hai anayevua dagaa Kilwa. Kwa familia za Kiislamu, ambazo ndizo nyingi ukanda huu, ofisa ustawi aeleze pia kwamba kuna njia isiyogusa nasaba ya mtoto. Kifungu cha 20 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto kinaitaja kafala kwa jina lake miongoni mwa njia halali za kumtunza mtoto aliyekosa wazazi. Mama anayeambiwa kwamba njia ni mbili tu, kuasilisha mtoto au kumwacha na njaa, ameelezwa nusu ya habari.

Mkataba huohuo katika kifungu cha 21, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto katika kifungu cha 24, vinaiweka safari ya kuasiliwa nje ya nchi mwisho wa foleni: baada ya ndugu, baada ya familia nyingine hapahapa nchini. Tanzania imeridhia mikataba yote miwili.

Sasa tuje kwenye kipimo ambacho hata mtu asiyejua kusoma anaweza kukitumia. Raia wa kigeni anayetaka kumwasili mtoto wa Kitanzania, sheria inamtaka awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo. Awe amemlea mtoto huyo kwanza kwa malezi ya kambo chini ya uangalizi wa ofisa ustawi, na malezi hayo huhesabiwa kwa miezi. Asiwe na rekodi ya uhalifu kwao wala kwingine. Awe na pendekezo la ofisa ustawi na la mamlaka ya nchi yake kwamba anafaa. Tena airidhishe Mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri hiyo. Jumlisha. Mtu anayekuja kijijini Januari na kusema mtoto atapanda ndege Machi, hata kama ana barua yenye nembo tatu, hajapita kwenye sheria hii. Mama hahitaji wakili kulijua hilo. Anahitaji mtu wa kumwambia: "Muulize ameishi nchini miaka mingapi, na muulize ofisa ustawi anayemfahamu ni nani."

Tunaitaja Januari makusudi. Minada ya korosho huanza Oktoba. Fedha zikiisha kuna miezi mirefu ya mvua kabla ya mavuno mapya ya chakula. Ndiyo miezi ambayo ahadi ya "tutamsomesha" ina uzito kuliko miezi mingine yote. Kampeni za uelimishaji zikija Julai, huwa zimekosa msimu wake.

Njia halali ina hatua, na kila hatua ina mahali inapovunjikia. Tunazieleza kwa kirefu kwa sababu mwongozo usioonyesha panapovunjika haumsaidii mtendaji.

Hatua ya kwanza ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, ambayo huchunguza kama mtoto ana ndugu wa kumlea. Uchunguzi huu huishia kitongojini. Ofisa hana mafuta ya pikipiki, kwa hiyo anauliza waliopo. Hawaulizwi ndugu wa upande wa baba, wala waliohamia Dar es Salaam, wala walio ng'ambo ya Ruvuma, ambako koo zetu nyingi zina nusu yake. Mtoto anaandikwa "hana ndugu" kwa sababu ndugu hawakutafutwa. Tunaomba fomu ya uchunguzi iwe na nafasi ya pande zote mbili za ukoo, na kila upande utajwe mtu aliyeulizwa na tarehe aliyoulizwa. Nafasi iliyobaki wazi ionekane wazi.

Hatua ya pili ni ridhaa, na hapa ndipo penye jeraha kubwa. Fomu huletwa ikiwa kwa Kiingereza. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Hakuna sababu ya mama wa Kitangari au Ruangwa kuweka dole kwenye lugha asiyoijua. Ridhaa ichukuliwe mbele ya ofisa ustawi, isomwe yote, na mzazi aieleze kwa maneno yake mwenyewe yaandikwe hivyohivyo. Ukimsikia akisema "atarudi akimaliza darasa la saba", simamisha zoezi papo hapo, kwa sababu hiyo si ridhaa ya kuasili. Na asipewe kitu. Sheria inakataza malipo ya kumpata mtoto, na malipo hayaji yakiitwa malipo. Huja kama bati za nyumba, ada za wadogo zake, mtaji wa mama, "nauli ya usumbufu". Mtendaji aambiwe hivyo kwa majina hayahaya.

Kisha malezi ya kambo yenyewe, ambayo ofisa anapaswa kuyatembelea na kuyaandikia ripoti. Ripoti zinazofanana neno kwa neno kwa watoto wawili tofauti zirudishwe.

Halafu Mahakama Kuu. Shauri husikilizwa faragha, na ni sawa kabisa iwe hivyo kwa ajili ya mtoto. Tatizo ni mzazi kutofika. Kutoka Liwale mpaka Mtwara mjini ni siku nzima kwenye gari, na mvua zikikolea barabara hukwama. Wito ukifika umechelewa, au mzazi hana nauli, shauri linaendelea na dole gumba lake tu. Halmashauri zitenge nauli ya mzazi kwa mashauri haya. Ni machache, hayatafilisi mtu. Pale inaposhindikana kabisa, mzazi asikilizwe kwa njia ya video akiwa mahakama ya wilaya, ofisa ustawi asiyehusika na shauri akiwa pembeni yake.

Amri ikitoka, Msajili Mkuu aliye RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, humwandika mtoto kwenye daftari la watoto walioasiliwa. Hapa majina ndiyo huangusha. Kliniki ameandikwa Mwanahawa, shuleni Mwanaawa, kwenye kiapo Hawa. Baba ni Hamisi huku, Khamis kule. Kila tofauti inahitaji kiapo kingine, na kila kiapo kipya ni mwanya wa mtu kuingiza jambo lisilokuwepo. Mikoa yetu ina mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Utumike kikamilifu, maana cheti kilichotolewa mapema, kikiwa na majina ya wazazi wote wawili, ni kinga kubwa kuliko semina kumi. Vifo navyo viandikishwe. Mtoto anayeitwa yatima mara nyingi hana cheti cha kifo cha mzazi hata mmoja. Kuna maneno ya jirani tu.

Mwisho ni pasipoti na viza, na hapo linatokea jambo ambalo familia za pande zote hazilitarajii. Amri ya mahakama yetu haimlazimishi balozi wa nchi nyingine. Marekani, kwa nchi isiyo katika Mkataba wa Hague, ule unaosimamia kuasili watoto kati ya nchi na nchi, humpa mtoto viza ya kuasiliwa iwapo tu anaingia kwenye maana yao ya yatima: wazazi wote wamekufa, wametoweka au wamemtelekeza, au aliyebaki mmoja hana uwezo wa kumtunza na amemwachia kwa maandishi moja kwa moja. Ubalozi hufanya uchunguzi wake kabla ya viza. Mtoto mwenye baba na mama walio hai wanaomtunza kwa shida zao hapiti. Anabaki na amri mkononi, kwa mzazi mpya asiyeweza kuondoka naye, na ukoo wake wa kwanza umekwisha kufutwa kisheria. Uingereza nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2002, inamhesabu kuwa mkosaji mkazi wake anayemwingiza mtoto aliyeasiliwa nje bila kupimwa na kuidhinishwa kwanza. Haya yasemwe mwanzoni, siku ya barua ya kwanza.

Kuhusu Mkataba wa Hague wa 1993: Tanzania haimo. Tungependa iingie, kwa kuwa mkataba ule unaweka mamlaka kuu moja kila nchi na kuzuia watu binafsi kupatana wao kwa wao juu ya mtoto. Lakini tusidhani kwamba kuingia kunamaliza kazi. Kenya iliingia mwaka 2007, na Novemba 2014 ikasimamisha kuwatoa watoto wake nje kwa hofu ya usafirishaji haramu wa watoto. Uganda ilibidi mwaka 2016 ibane mwanya wa amri za ulezi, ambazo wageni walikuwa wakizitumia kumwondoa mtoto kisha kumwasili kwao. Ethiopia ilifunga kabisa mwaka 2018. Uholanzi, nchi iliyokuwa ikipokea, imeamua mwaka 2024 kuachana na mfumo huu hatua kwa hatua. Jirani akifunga mlango, wanaotafuta hupima mlango wa pili. Sisi tuna mpaka mrefu na ofisi za vijiji zenye muhuri. Amri za ulezi za mahakama za chini, zile zinazotolewa ili mtoto asome au atibiwe, ziandikwe waziwazi kwamba haziruhusu mtoto kutoka nje ya nchi bila kibali kingine. Mwanya wa Uganda nao ulianzia kwenye amri za ulezi.

Sasa mpaka na safari yenyewe. Nchi kama Uingereza huwaandikia raia wake maelezo ya usalama kwa kila nchi, na kuhusu sisi imewahi kuwashauri wasiingie bila sababu ya lazima kwenye ukanda wa kilometa 20 kutoka mpaka wetu na Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji. Mgeni aliyeko Mikindani anaisoma kwenye simu kabla hajawasha gari. Mama wa Tandahimba anayevuka Ruvuma kwenda msibani kwa dada yake hana karatasi ya namna hiyo, na ndiye anayevuka na mtoto mgongoni. Vita vya Cabo Delgado vilianza Oktoba 2017. Oktoba 2020 wauaji walivuka mpaka hata kwetu, Kitaya. Machi 2021 mji wa Palma, huko Cabo Delgado, ulishambuliwa na watu wakakimbia kwa miguu na kwa mashua. Katika mkanganyiko wa aina hiyo mtoto asiye na karatasi anahesabiwa ni wa yeyote aliyemshika mkono.

Vivuko rasmi vikuu kwa upande wetu ni Kilambo, kinachoelekeana na Namoto ya Msumbiji, na Mtambaswala wilayani Nanyumbu, penye Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010. Katikati yake kuna mitumbwi mingi. Hatuombi mitumbwi ipigwe marufuku. Undugu hauwezi kupitia vivuko viwili tu. Tunaomba kila kijiji cha mtoni kiwe na ubao wa hali ya usalama unaobadilishwa kila wiki, wenye maneno machache: upande wa pili pako salama hadi wapi, kivuko kipi kimefungwa, na ukikwama umpigie nani. Taarifa hizi vyombo vya usalama vinazo. Zile zinazofaa kusomwa na raia zibandikwe.

Kwa safari ya mtoto asiyefuatana na wazazi wote wawili, karatasi zinazomlinda ni hizi: pasipoti au hati ya safari yenye jina lake mwenyewe, nakala ya cheti cha kuzaliwa, kibali cha mzazi asiyesafiri kilichoapwa, chenye nchi, anwani ya kufikia, tarehe ya kwenda na ya kurudi, namba ya kitambulisho cha anayemsindikiza, na simu mbili za nyumbani, ya pili iwe ya mtu asiyeishi nyumba moja na wa kwanza. Kibali kitafsiriwe kwa Kireno kama anakwenda Msumbiji. Barua ya mtendaji kwa Kiswahili haisomeki kwa askari wa Negomano, ng'ambo ya Daraja la Umoja. Nakala moja ibaki kwa ofisa ustawi, nyingine nyumbani kwenye mkoba wa vyeti. Kama ni nchi inayodai kadi ya homa ya manjano, chanjo ichomwe mapema: hutambulika baada ya siku 10, na tangu 2016 cheti chake kinadumu maisha yote.

Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inasema jambo ambalo watendaji wengi hawalijui: mtu akimsafirisha mtoto kwa ajili ya kumnyonya, ridhaa ya mtoto au ya mzazi haimtetei. Na kumwasili mtu, au kusaidia aasiliwe, kwa lengo la kumtumikisha ni kosa ndani ya sheria hiyohiyo. Binti wa miaka 15 anayepelekwa Uarabuni "kulelewa na tajiri" yumo humu, hata mama yake akiwa amesaini mara tatu.

Kwa Waziri wa Mambo ya Nje tuna neno la pekee. Mtoto akishafika ugenini, macho ya Serikali ni ubalozi. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kibalozi, kifungu cha 37, unaitaka nchi mwenyeji kuujulisha ubalozi bila kuchelewa inapoonekana mtoto raia wetu anahitaji kuwekewa mlezi. Haki hiyo haifanyi kazi kama ubalozi haujui mtoto yupo. Kila amri ya kuasili inayomtoa mtoto nchini itumwe kwa ubalozi wetu wa huko siku ileile pasipoti inapotolewa. Balozi apate ripoti baada ya miezi sita, baada ya mwaka, kisha kila mwaka hadi miaka 18. Ripoti ya kwanza iambatane na uthibitisho wa uraia. Marekani yenyewe iliwapa watoto walioasiliwa uraia wa moja kwa moja kwa sheria ya mwaka 2000, na waliokwisha kuvuka miaka 18 sheria hiyo ilipoanza kazi hawakuingia. Wapo waliozeeka huko bila uraia, na wapo waliorudishwa kwenye nchi wasiyojua hata lugha yake. Na nakala ya ripoti hizo, kwa Kiswahili, imfikie ofisa ustawi wa halmashauri alikotoka mtoto, ili akiulizwa na bibi mtu kama mjukuu yu mzima, awe na la kujibu.

Karatasi tunayoiomba ni ya ukurasa mmoja. Tumeshaiandika rasimu, mko huru kuirekebisha:

"Mama, baba, mjomba, bibi: kabla hujaweka sahihi wala dole gumba, sikiliza.
Kulea ni kwa muda. Kuasili ni moja kwa moja. Mtoto atakuwa wa watu wengine kisheria.
Amri hiyo inatoka Mahakama Kuu. Kijiji hakina uwezo wa kutoa mtoto.
Mgeni lazima awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo na awe amelea mtoto huyo chini ya ofisa ustawi. Muulize.
Usipokee fedha, bati wala ada kwa ajili ya sahihi.
Una haki ya kusomewa karatasi kwa Kiswahili, kukataa, na kuomba muda wa kufikiri.
Mtoto anasafiri? Andika nchi, anwani, tarehe ya kurudi, kitambulisho cha anayemchukua, simu mbili.
Una shaka? Piga 116, simu ya mtoto, haina malipo. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi."

Mtendaji aisome kwa sauti mbele ya mjumbe mmoja wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji, kisha wote wasaini kwamba imesomwa. Barua yoyote ya kijiji inayomhusu mtoto na safari ya nje, ikikosa karatasi hii nyuma yake, dirisha la Uhamiaji na la RITA yairudishe. Hilo la kurudisha ndilo litakaloipa karatasi nguvu. Bila hilo itakuwa pambo la ukutani kama mengine. Tunajua itawachelewesha na wenye safari halali. Itawachelewesha kwa siku moja au mbili.

Shule zinafungwa Desemba na watoto wengi husafiri wakati huo. Tunaomba karatasi iwe imefika kwenye kata zote za Mtwara na Lindi kabla ya mwisho wa Novemba, kuanzia zile za mtoni: Nanyumbu, Masasi, Newala, Tandahimba, Nanyamba na Mtwara Vijijini. Wasaidizi wa kisheria tuko tayari kukaa na watendaji, kata kwa kata, saa mbili zinatosha, bila posho. Tunachohitaji kutoka kwenu ni waraka wenye sahihi zenu, ili mtendaji anapomwambia mgeni mwenye gari zuri "subiri kwanza," awe na kitu cha kushika mkononi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wasaidizi wa kisheria na maofisa ustawi wa jamii wastaafu,
Mtwara na Lindi

Nakala:
Msajili Mkuu, RITA
Kamishna wa Ustawi wa Jamii
Wakurugenzi wa halmashauri zote za Mtwara na Lindi
Ubalozi wa Tanzania, Maputo
Mbao za matangazo za kata